Ginza si pombe, mwanangu

MUULIZE BAHARIA

Mwezi huu nimeziweka kando barua za mirathi na za nauli. Zimenifikia barua nne zinazotaja Japani, na karibu zote zinarudi kwenye mtaa mmoja wa Tokyo ninaoujua kwa miguu yangu. Nimeijibu ya kwanza kwa urefu kwa sababu kuna mchoraji vibao yuko juu ya ngazi anangoja.

"Mzee Baharia, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Majengo. Nimepata chumba cha duka, nitauza mabuibui, mafuta mazuri, udi na vipuli. Kaka yangu anayeagiza magari Japani aliniambia niliite duka Ginza, ati huko ndiko kwenye maduka mazuri kuliko yote. Jina likanipendeza. Mchoraji akaanza kazi, na alipofika herufi ya tatu mama mkwe akapita akasoma GIN. Amekataa katakata. Anasema hiyo ni pombe ya kizungu, mjukuu wake hatalelewa chini ya kibao cha pombe. Jirani naye kaongeza kuwa si pombe, ni jini. Herufi tatu ziko ukutani na watu wanapita wakisoma. Nifute au nimalize?"
Mama Wawili, Majengo

Marahaba, mwanangu, na Mungu alitie baraka duka lako. Tuanze na hilo la pombe, maana ndilo lililomsimamisha mchoraji.

Jina hili halisomwi Jinza. Herufi ya kwanza ni ile ya gari na ya gunia. Kwa Kijapani, gin ni fedha: madini yenyewe, ile nyeupe ya bangili na ya kikuku. Za ni kikao, mahali pa kuketi, na zamani ndivyo walivyokiita kikundi cha mafundi waliopewa na serikali idhini ya kufanya kazi fulani wao tu. Mwaka 1612 utawala wa Tokugawa uliwahamisha mafundi wa sarafu za fedha kutoka mji wa Sunpu, ukawaleta Edo, mji ambao leo ndio Tokyo. Mahali walipowekwa pakaitwa Ginza, kikao cha fedha. Wa dhahabu nao walikuwa na kikao chao, Kinza, na palipokuwa na Kinza leo pana Benki Kuu ya Japani.

Mama mkwe akiwa na bangili ya fedha, mshike mkono kwa adabu, umwoneshe, umwambie: Wajapani wanaiita hii gin. Kisha umkumbushe kuwa hata sisi tumelipa neno moja mizigo miwili. Tunasema pete ya fedha, na tunasema sina fedha. Wao vilevile, benki wanaiita ginko, nyumba ya fedha. Watu wawili waliokaa mbali hivyo, kila mmoja na bahari yake, wakaona jambo moja. Mimi nilipoelezwa hili na karani mmoja wa bandari ya Yokohama niliwafikiria masonara wa Mji wa Kale hapa Mombasa, wamekunja miguu, makaa yanavukuta, mbele yao vipande vya fedha kwenye mizani. Hao ndio Ginza ya kwanza. Hakukuwa na vioo wala taa, walikuwa mafundi na mizani.

Kuna jambo jingine litakalomfurahisha mama mkwe ikiwa ni mzaliwa wa mji huu. Ginza halikuwa jina la serikali. Kwenye vitabu vya utawala mtaa uliitwa Shin-Ryogaecho, yaani mtaa mpya wa wabadilisha pesa. Wenyeji hawakulishughulikia jina hilo. Mafundi wenyewe walihamishwa kwingine mwaka 1800, kiwanda kikaondoka, lakini watu wakaendelea kusema Ginza, Ginza, mpaka mwaka 1869 serikali ikalikubali na kuliandika. Ni kama soko letu la kando ya Digo Road. Walijenga wakaliita kwa jina la bwana mmoja Mackinnon, na muuza viungo na muuza ndizi wakasema Marikiti. Leo ukimuuliza tuktuk akupeleke Mackinnon atakutazama.

Sasa, fedha imegeukaje maduka? Kwa moto. Februari 1872 moto uliitafuna sehemu hiyo ya mji, nyumba za mbao zikaisha. Serikali mpya ya mfalme Meiji ikaamua kujenga upya kwa matofali, moto usirudie. Ikamtumia mhandisi kutoka ng'ambo, Thomas Waters, wakapanua barabara, wakaweka nyumba za matofali zenye varanda mbele. Watu hawakuzipenda mwanzoni, zilikuwa na unyevu, nyingi zikakaa tupu. Lakini mwaka huohuo wa 1872 ilifunguliwa reli ya kwanza ya Japani, kutoka bandari ya Yokohama mpaka Shimbashi, na Shimbashi iko mwisho wa Ginza. Wewe ni mtoto wa bandari, unajua maana yake. Kila kilichoshuka melini kilipita hapo kwanza: saa, kofia, miwani, sabuni, magazeti. Mwaka 1874 zikawashwa taa za gesi barabarani. Mtu wa Tokyo aliyetaka kujua dunia inavaa nini alikwenda Ginza kutazama. Duka la dawa lililofunguliwa hapo mwaka uleule wa 1872 ndilo hilo Shiseido, ambalo poda na mafuta yake ya uso bila shaka wateja wako watakuuliza.

Nimesema kutazama, na hapo ndipo ninapopataka, kwa sababu kaka yako amekwambia nusu tu. Maduka ni mazuri, ndiyo, na ardhi yake ni ya bei ya juu kuliko yote Japani. Lakini Ginza haikupendwa kwa bei.

Nilifika mara ya kwanza mwaka 1979. Nilikuwa msaidizi wa mpishi kwenye meli ya shehena, tumefunga Yokohama, na Jumapili tukapewa ruhusa ya kutoka. Tulikuwa watatu, mmoja wa Lamu, mmoja wa Goa na mimi. Tulishuka treni, tukafuata watu, tukafika barabara pana kama Moi Avenue, haina gari hata moja. Nilidhani kuna msiba wa mkubwa wa nchi. Kumbe ndivyo wanavyofanya tangu tarehe 2 Agosti 1970: siku za mapumziko, mchana, magari yanazuiwa, viti na miavuli vinatandazwa katikati ya lami. Wanaiita hokosha tengoku, pepo ya waendao kwa miguu. Nilimwona bibi mzee amevaa kimono rangi ya majivu, ameketi katikati ya barabara kuu ya Tokyo, kivuli juu yake, amekunja mikono, hana mfuko wa duka. Watoto wanapiga chaki chini. Vijana wanapita wakijitazama kwenye vioo vya madirisha.

Wana neno lao la kwenda Ginza bila jambo: ginbura. Ni Ginza na burabura, na burabura ni mwendo wa mtu asiye na haraka, mikono inaning'inia. Sisi tunasema kupunga upepo. Jumapili jioni tunatelemka Mama Ngina na watoto, tunanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tunaketi kuitazama bahari ambayo tumeiona tangu kuzaliwa, tunarudi. Hakuna aliyetuuliza tumekuja kununua nini. Ginbura ni hiyo, ila mahali pa bahari ni madirisha ya maduka. Wenye maduka wanajua kuwa wengi hawatanunua, na bado wanalipanga dirisha kama wanampangia mgeni chumba. Niliona dirisha zima, vioo pande zote, ndani mna kopo moja la chai na tawi la mti. Basi. Tulisimama hapo watatu sisi mpaka yule wa Goa akasema twendeni.

Hilo ndilo nitakuomba ulichukue pamoja na jina. Anayeingia kutazama, mwache atazame. Msichana wa shule asiye na shilingi akitaka kunusa udi, mfungulie kichupa. Na kifurushi, hata cha vipuli vya bei ya chini, kifunge vizuri. Wajapani hukizungushia karatasi mara moja, mikunjo imenyooka, gundi kidogo tu, na wanakutolea kwa mikono miwili. Mikono miwili tunaijua, ndivyo tulivyofunzwa kumpa mkubwa kitu. Tumeiacha madukani, na inaniuma.

Kuhusu kama una haki ya jina, sikiliza hili. Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita kasorobo mchana imeshapita, Tokyo ilipigwa na tetemeko kubwa, kisha moto. Mji wa matofali wa Ginza ukaanguka. Mbali na hapo, mtaa wa Togoshi ulikuwa bondeni, mvua ikinyesha barabara inageuka matope, wateja hawapiti. Wafanyabiashara wa Togoshi walikwenda kuomba matofali yaliyobomoka Ginza, wakayabeba, wakayatandaza kwenye barabara yao. Na kwa kuwa walikuwa wakikanyaga Ginza kila siku, wakaliomba na jina: Togoshi Ginza. Mtaa huo upo mpaka leo, una urefu wa zaidi ya kilomita moja, unauza samaki, soksi, na viazi vya kuponda vilivyokaangwa ambavyo ni jamaa wa katlesi zetu. Baada ya hapo mitaa mamia ya Japani ikajiita Ginza, kila mmoja na jina lake mbele, mingi ni ya wauza mboga na wafua vyuma. Ginza yenyewe haikumshtaki mtu.

Kwa hiyo mwambie mchoraji apande ngazi, abakishe hizo tatu na aongeze Z na A leo hii kabla ya Magharibi, watu wasiendelee kusoma nusu. Na ikiwa moyo wa mama mkwe bado mzito, andika Majengo Ginza. Ndivyo wenyewe wanavyofanya.

"Assalam aleikum Mzee. Mimi ni kijana wa Tudor, nimepata ufadhili wa kusoma uhandisi Japani, nitaondoka Aprili inshallah. Rafiki zangu wanasema Ginza ni ya matajiri, nisijisumbue, niende Shibuya na Akihabara. Je, kuna chochote pale kwa mwanafunzi? Na nitakula nini?"
Mwanafunzi, Tudor

Waaleikum salaam, mwanangu. Shibuya nenda, ni ya rika lako. Akihabara nenda, kwa kuwa ni mhandisi, utaona vyombo na nyaya. Lakini Ginza uende mchana wa Jumamosi au Jumapili, barabara ikiwa imefungwa magari, kuanzia saa sita.

Panda treni ya chini ya ardhi inayoitwa kwa jina la mtaa huo, Ginza Line, ile yenye rangi ya chungwa. Ndiyo ya zamani kuliko zote Asia: ilianza mwaka 1927 kati ya Ueno na Asakusa, ikafika Ginza mwaka 1934. Ukitokeza juu kwenye njia panda ya 4-chome, yaani sehemu ya nne ya Ginza, inua macho. Utaona jengo la mawe lililopinda kwenye kona, na juu yake mnara wa saa. Ni Wako, lilimalizika mwaka 1932, na mabomu ya vita yalilipita likabaki wima. Vita vilipokwisha wanajeshi wa Marekani walilichukua wakalifanya duka lao, lisirudi kwa wenyewe mpaka mwaka 1952.

Mwenye jengo ni nyumba ya Hattori Kintaro, kijana aliyejifunza ufundi wa saa tangu utotoni, akafungua duka mwaka 1881, na mwaka 1894 akasimamisha mnara wa kwanza wa saa kwenye kona hiyohiyo. Kiwanda chake alikiita Seikosha. Sasa fungua mtoto wa meza wa babu yako. Kama alikuwa mtu wa Mombasa mwenye kipato cha wastani, utakuta Seiko 5 yenye mkanda wa chuma. Ninayo yangu mkononi ninapoandika, niliinunua Yokohama, imetumbukia baharini mara mbili, na ukiitikisa inatembea. Mimi nilipousikia mnara ule ukigonga nilitazama mkononi, zikawa sawa. Nilifurahi sana, sijui nikuelezeje.

Chakula. Kando ya njia panda kuna duka la mkate la Kimuraya. Ingia. Enzi ya Meiji Wajapani walikuwa hawaupendi mkate wa kizungu, wakiuona mkavu na mchachu. Kimura Yasubei na mwanawe wakapata njia mwaka 1874: wakaumua unga kwa chachu ya mchele, na ndani wakatia maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Huo ndio anpan. Tarehe 4 Aprili 1875 ulipelekwa kwa mfalme Meiji, juu umebandikwa ua la mcheri lililotiwa chumvi, na wa aina hiyo unauzwa mpaka leo. Wewe umekua ukila mahamri kwa mbaazi asubuhi, kwa hiyo mkate na kunde hautakushangaza. Utakaloshangaa ni kuwa kunde ni tamu na zimefichwa ndani. Jambo moja nakwambia wazi: chachu yao ni ya ukoo wa ile inayoanzisha pombe ya mchele. Ukiwa unajichunga, uliza kwanza, usile kisha ukaja kujuta.

Maduka makubwa, Mitsukoshi na Matsuya, yana sakafu nzima ya chakula chini ya ardhi. Teremka hata kama huna kitu. Watakuonjesha kachumbari na maandazi yao kwa vijiti vidogo. Kahawa, ipo ya tangu 1911, Café Paulista, ilianzishwa kuwazoesha Wajapani kahawa ya Brazili. Si ya bure, lakini ketia siku moja. Hutapata kashata.

Na usiukose Kabukiza, ukumbi wa maigizo ya kabuki, uliofunguliwa mwaka 1889, ukaanguka na kujengwa tena mara kadhaa, jengo la leo ni la mwaka 2013. Mchezo mzima hukaa saa nyingi na ni ghali, lakini huuza tikiti ya sehemu moja tu ya mchezo, unapanda orofa ya juu kabisa. Waigizaji wote ni wanaume, hata wa sehemu za wanawake. Wakati mwigizaji anapoganda, macho yamemtoka, mtu huko nyuma kabisa hupaza sauti kuita jina la nyumba yake ya usanii, neno moja, kwa wakati wake, wala hakosei. Niliposikia mara ya kwanza nilirukwa na roho, kisha nikaelewa: ni kutuza. Kwetu mama anaposikia ubeti wa taarab umemgusa huinuka na noti, akienda kwa madaha mpaka jukwaani. Wao wanatuza kwa sauti.

Ijumaa nenda msikiti wa Tokyo Camii, mtaa wa Yoyogi-Uehara, wa mtindo wa Kituruki. Wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1938, huu wa sasa ni wa mwaka 2000. Utapata ndugu huko.

"Mzee, gari langu nililonunua yadi moja hapa Mombasa, kila nikiliwasha mwanamke anasema maneno kwa Kijapani. Abiria wangu mmoja anadai anasema gari limetoka Ginza. Ni kweli?"
Dereva wa teksi, Changamwe

Hapana, ndugu yangu. Anakwambia hujatia kadi ya kulipia barabara za ushuru. Kule magari mengi yana kijisanduku cha kadi, na yakifika huku kinaendelea kudai. Gari lako huenda lilipita Ginza, huenda lilikuwa likibeba vitunguu kijijini, sauti ni hiyohiyo. Fundi wa umeme wa magari atakitoa kwa dakika kumi.

"Mzee mwenzangu, salaam. Marehemu mama aliniachia kipini cha dhahabu chenye lulu. Baba alimnunulia kutoka kwa mabaharia wa Kuwaiti Bandari ya Kale, kabla sijazaliwa. Mwaka huu nilimpelekea mtu anikadirie, akasema kwa haraka kuwa hiyo ni lulu ya Kijapani, ya kutengeneza, haina thamani. Nilitoka nikilia. Baba alikuwa akisema Wajapani waliua lulu. Nataka kujua walifanya nini, na lulu ya mama ni ipi."
Bi Mkubwa, Kibokoni

Salaam sana, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana na babangu alikuwa karani pale Bandari ya Kale na akiyasema maneno hayohayo.

Wewe na mimi tumeyaona mabumu, majahazi yale ya Ghuba. Yalikuja na kaskazi, yamebeba tende na chumvi na mazulia, yakangoja kusi yarudi na boriti. Ambalo watoto hatukulijua ni kuwa mabaharia wale wa Kuwaiti walikuwa na kazi mbili. Kaskazi walisafiri kuja kwetu. Wakati wa joto walirudi kwao kuzamia lulu kwenye Ghuba, mtu kabanwa pua kwa kibano, jiwe mguuni, kikapu shingoni, anateremka chini kwa pumzi moja. Wengi walizama na deni na kuibuka na deni, kwa kuwa nahodha aliwakopesha kabla ya msimu. Lulu ilipatikana kwa bahati, chaza nyingi hufunguliwa na hazina kitu.

Huko Japani, mji wa Toba, alikuwepo mtoto wa muuza tambi, Mikimoto Kokichi, aliyezaliwa mwaka 1858. Alijua kuwa chaza akiingiliwa na kitu kinachomsumbua hukifunika tabaka kwa tabaka. Akaanza kuwatia vitu makusudi na kuwarudisha majini. Bahari ikachafuka ikawa nyekundu, ikawaua karibu wote. Mwaka 1893, tarehe 11 Julai, yeye na mkewe Ume wakafungua chaza wakakuta lulu, nusu duara, imeota mahali walipotia. Mwaka 1899 akafungua duka la lulu Ginza. Ya mviringo kamili ilikuja baadaye, kwa kazi ya wengine pia, Mise Tatsuhei na Nishikawa Tokichi. Waliojua kuzamia kule walikuwa wanawake, kwa Kijapani wanaitwa "ama", wanateremka kwa pumzi moja bila chombo, kama wanaume wa Kuwaiti.

Miaka ya 1920 lulu hizo zilifika Ulaya, wenye maduka wakapiga kelele kuwa ni bandia. Si bandia, dada yangu. Chaza ni yuleyule, bahari ni ileile, tabaka ni zilezile. Tofauti ni kiini: ndani ya lulu ya kufugwa kuna kipira kidogo cha gome la kombe wa mtoni. Mikimoto mwenyewe alikuwa mkali wa ubora, mwaka 1932 alizichoma moto hadharani mjini Kobe lulu hafifu kwa wingi. Lakini bei ya lulu ya Ghuba ilivunjika, na ule mdororo wa dunia ulioanza mwaka 1929 ukaimaliza, maana matajiri wa Paris na New York waliacha kununua. Bahrain na Kuwaiti zikaona njaa kabla ya kuona mafuta. Kwa hiyo babako hakusema uongo. Aliyazungumza aliyoyasikia kutoka kwa watu walioachiwa vyombo bila kazi.

Mwaka 1983 nilisimama mbele ya duka la Mikimoto Ginza. Dirishani mlikuwa na mkufu mmoja juu ya kitambaa cheusi, lulu zote zimelingana hata jicho halipati pa kukwama. Binti wa dukani alitoka akanifungulia mlango na kuinama, mimi na sweta yangu ya melini. Sikuingia. Niliona uzuri ule, haki yake ni lazima niitoe, na palepale nikawaona wale wazee wa kwenye bumu wakivuta kamba na kuimba, mmoja aliyekuwa na masikio yaliyopasuka kwa kuzamia ambaye tulimpigia kelele ndipo asikie. Nilikaa hapo mpaka mnara wa saa ukagonga.

Sasa kipini cha mama. Kukisugua kwenye jino, kama watu wanavyofanya, kutakwambia tu kama ni plastiki: ya plastiki huteleza, ya chaza hukwaruza kama mchanga mwembamba. Ya kufugwa na ya porini zote hukwaruza, kwa hiyo aliyekwambia kwa kutazama tu hakuwa na msingi. Njia ya hakika ni picha ya eksirei kwa wataalamu wa vito, ambayo huonesha kama ndani kuna kipira. Ipo na ya fundi: lulu za kipini huwa zimetobolewa nusu na kuvikwa kwenye kijiti kwa gundi. Ikiwa imeshalegea, sonara mwangalifu anaweza kuichomoa, akachungulia tundu kwa lenzi, na kama ni ya kufugwa ataona mstari kati ya kiini na ganda. Kama haijalegea, usimruhusu aing'oe, itapasuka. Usiitie ndimu wala siki kuisafisha. Ifute kwa kitambaa cha pamba chenye maji matupu, na uivae, maana lulu ikifungiwa sandukuni hukauka. Mwende kwa sonara mzee wa hapo Mji wa Kale, usimwachie kipini, keti mbele yake akitazama, kisha uniandikie ameona nini.